Mbwa Aliyeokotwa Leo Asilale na Wenzake

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaolea mbwa waliotupwa hapa Nairobi: wenye vituo vya vizimba ishirini na zaidi, na wenye ua mdogo tu nyuma ya nyumba. Tumeanza na ile iliyotuumiza zaidi.

SWALI: Hamjambo. Kituo chetu kiko Ruai na kina mbwa 22. Mwezi uliopita tuliletewa watoto wanne wa mbwa waliotupwa ndani ya gunia kando ya barabara ya Kangundo. Walikuwa wachangamfu, tukawaweka na watoto wengine. Siku ya tano mmoja alitapika, kisha akaanza kuharisha damu yenye harufu mbaya sana. Kufikia sasa watoto saba wamekufa. Tunaosha kila siku kwa sabuni ya unga na ile dawa ya kahawia ya viini inayogeuka nyeupe ikiingia majini. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Ruai*

JIBU: Poleni sana. Dalili hizo ni za parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Daktari wa mifugo anaweza kuthibitisha kwa kipimo cha kinyesi kinachotoa jibu hapo hapo, lakini anzeni kutenganisha leo, kabla ya kipimo.

Ugonjwa uliingia siku ile ya kwanza. Mbwa aliyeambukizwa parvo hukaa siku 3 hadi 7, mara nyingine hadi 14, kabla ya kuugua, na huanza kumwaga virusi kwenye kinyesi siku moja au mbili kabla ya kutapika. Watoto wale walipokuwa wakiruka na kulamba mikono yenu, huenda tayari walikuwa wanaambukiza. Kwa hiyo kila mbwa mgeni, hata awe mnene na mchangamfu namna gani, akae siku 14 katika kizimba cha wageni: mbali na wengine, chenye bakuli zake, fagio lake, ndoo yake, na gambuti na koti visivyotoka pale. Anayehudumia aende kwa mpangilio huu kila asubuhi: watoto wazima kwanza, halafu mbwa wakubwa wazima, halafu wageni, wagonjwa mwisho. Akishafika kwa wagonjwa harudi nyuma mpaka aoge na kubadili nguo. Kituo chenye mfanyakazi mmoja tu kinaweza kufuata mpangilio huu. Hauna gharama yoyote.

Tuje kwenye usafi. Kirusi cha parvo hakina lile ganda la mafuta ambalo sabuni huliyeyusha, kwa hiyo sabuni huondoa uchafu lakini kirusi hubaki kizima. Dawa hiyo ya kahawia nayo haikiui. Kinachokiua kwa bei nafuu ni Jik. Soma kibandiko: ikiwa ina asilimia 3.5 ya klorini, pima mililita 250 katika lita 5 za maji. Hata hivyo Jik ikikutana na kinyesi, mate au nyasi, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo. Kwa hiyo zoa kinyesi chote kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, acha maji yachuruzike, ndipo umwage Jik na uiache sakafu ikiwa imelowa kwa dakika 10 kamili kabla ya kusuuza. Mkojo usuuzwe vizuri kabla, kwa sababu Jik ikichanganyika na mkojo mwingi hutoa hewa inayochoma mapafu ya mbwa na yenu pia. Isichanganywe kabisa na dawa ya choo yenye asidi. Koroga mpya kila siku. Ya jana iliyokaa juani imeshakufa.

Lakini sakafu ya udongo haisafishiki. Unaweza kumwaga Jik mtungi mzima na kirusi kikabaki humo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Ua ambamo watoto hao waliharisha usiingize mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo. Fedha zikipatikana, mimina saruji kwenye kizimba cha wageni kabla ya kujenga kitu kingine chochote.

Chanjo nayo ina mahesabu yake. Kituoni, mtoto wa mbwa hachanjwi mara moja akaachwa. Huanza akiwa na wiki 4 hadi 6, tena siku ile ile anapofika, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 20. Sababu ni kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama: inapokuwa bado na nguvu huua chanjo, na hakuna anayejua itaisha wiki gani. Kuna pia kosa ambalo watu hawalioni: chanjo hii inaishi katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiinunua agroveti ukaiweka mfukoni, ukapanda matatu ya saa moja na nusu hadi Ruai, unachomchoma mbwa ni maji. Beba chupa ya chai yenye barafu, chanjo ikiwa imefungwa kwenye kitambaa isigande. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja.

Walioanza kuugua wanahitaji dripu ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika na antibayotiki, kwa mkono wa daktari. Kinachoua ni upungufu wa maji, sukari kushuka, na bakteria kuvuja kutoka kwenye utumbo uliochubuka. Wengi wanaowahiwa kwa dripu hupona. Kumnywesha kwa nguvu mtoto anayetapika humfanya avute maji mapafuni. Akilegea ghafla, mpake asali kidogo kwenye fizi huku mkielekea kliniki. Anayepona aendelee kutengwa wiki mbili nyingine, kwa maana bado anamwaga virusi.

SWALI: Nimemchukua mbwa aliyeachwa kwenye ploti Utawala, wenyewe walihama. Mbavu zote zinahesabika, ana kilo 12. Nilimpikia sufuria ya ugali na matumbo, akala yote. Siku ya tatu amelegea, hawezi kusimama. Nilidhani chakula ndicho dawa.
*Dada wa Utawala*

JIBU: Dada, mpeleke kwa daktari leo hii, na umwambie neno kwa neno ulichoandika hapa, hasa kiasi cha ugali na siku ulizompa. Kuna kliniki ya wanyama wadogo pale Kabete, katika kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ikiwa huna daktari wa karibu. Anahitaji kupimwa damu: fosforasi, potasiamu na magnesi.

Mwili uliokaa bila chakula wiki kadhaa huwa unaishi kwa mafuta na misuli yake wenyewe. Ukiujaza wanga kwa ghafla, insulini hupanda na kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Damu hubaki tupu. Misuli inalegea, moyo unapiga ovyo, chembe nyekundu za damu zinapasuka. Hutokea kati ya siku ya pili na ya tano, wakati ambapo mwenye mbwa ameshaanza kufurahi kwamba anakula.

Kwa mbwa mwingine wa namna hii, pima uzito alio nao sasa, uzidishe kwa 30, uongeze 70. Hiyo ndiyo kalori ya siku nzima akiwa amelala tu. Kwa kilo 12 ni 430. Siku ya kwanza mpe robo yake, karibu 110: yai moja la kuchemsha na kipande cha kuku asiye na mfupa cha gramu 25 vinatosha, ukivigawa mara sita. Ndiyo, ni kidogo, na atakutazama kwa macho yatakayokuvunja moyo. Siku ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne kiasi kamili. Mbwa aliyekonda kupindukia, ambaye mifupa ya nyonga imechongoka, mpandishe polepole zaidi, kwa wiki nzima hadi siku kumi. Maji ayapate wakati wote. Ugali urudi wiki ya pili, kidogo kidogo.

Na kuhusu chakula chenyewe. Omena ni nzuri na rahisi kupatikana, ila iloweke na kuisuuza mara mbili tatu kuondoa mchanga na chumvi. Matumbo na mapafu kutoka machinjioni yachemshwe mpaka yaive kabisa, kwa sababu mapafu na maini yenye malengelenge ya maji hubeba tegu ambaye mbwa humpitisha kwa binadamu. Wanaofuga Turkana wanaujua ugonjwa huo vizuri mno. Mabaki ya hoteli huwa na vitunguu, na vitunguu huvunja damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vikali.

Kibaya kuliko vyote ni unga wa mahindi yaliyoota ukungu, unaouzwa rahisi kwa kisingizio kwamba ni wa mbwa tu. Sumu yake, aflatoksini, ndiyo iliyoua watu 125 katika mlipuko wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, na mbwa huathirika nayo haraka. Kuchemsha hakuiondoi. Mbwa anaacha kula, anatapika, macho na fizi vinakuwa vya njano, anakufa kwa ini. Unga ambao huwezi kuwapikia watoto wako usimpikie mbwa.

SWALI: Mbwa niliyemwokota ananyonyoka manyoya, ngozi imekuwa ngumu na ananuka. Jirani anasema nimpake oili chafu ya gari. Mwingine anasema dawa ya kuogeshea ng'ombe, au sindano ya ivamektini ya agroveti. Nifuate lipi?
*Baba wa mbwa mmoja, Kayole*

JIBU: Oili usiguse. Mbwa hujilamba, kwa hiyo ataimeza pamoja na vyuma vilivyomo, na ngozi iliyochubuka inaifyonza.

Kwanza ujue ni upele gani. Kuna unaoambukiza: huanza kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na mbwa hujikuna hata usiku halali. Sugua ukingo wa sikio lake kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kukuna wenyewe, shuku huo. Wa pili husababishwa na wadudu wanaoishi kwenye mashimo ya manyoya ya kila mbwa na huzidi mwili ukidhoofika. Huonekana zaidi kwa wadogo, usoni na miguuni, na hauambukizi. Wa tatu ni fangasi. Daktari hukwangua ngozi kwa kisu butu na kuangalia kwa darubini, na matibabu yanategemea anachokiona.

Dawa za ng'ombe nyingi zina amitrazi au sumu nyingine iliyokusudiwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Mbwa aliyeogeshwa kwa kipimo cha kukisia hulegea, moyo hupiga taratibu, joto hushuka. Sindano ya ivamektini ina hatari ya hesabu: ile ya asilimia 1 huwa na miligramu 10 kwa mililita, maana yake mililita moja ni dozi ya ng'ombe wa kilo 50. Mbwa wako ana kilo ngapi? Ukikosea nukta moja ya desimali umempa mara kumi. Zaidi ya hapo, mbwa wenye damu ya koli (aina ya mbwa wachunga kondoo), na baadhi ya wenye damu ya shepadi wa Ujerumani, ubongo wao haujikingi na dawa hii, na mbwa wa kuokotwa huwezi kujua babu yake alikuwa nani. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vya viroboto na kupe ambavyo huua pia wadudu wa upele. Bei yake ni kubwa kuliko ya sindano, lakini hatari yake ni ndogo, na daktari atakupa kwa uzito halisi.

Ukiwa ni ule wa kuambukiza, mbwa wote waliokaa naye watibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Wewe ukitokwa na vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, kwa kawaida hukauka vyenyewe wiki chache baada ya mbwa kupona. Visipokauka nenda zahanati.

SWALI: Jike tuliyemtoa Gikomba anadondosha damu nyuma kwa miezi miwili. Tunangoja joto (kipindi cha kutaka dume) liishe ndipo afungwe uzazi.
*Wahudumu wa kujitolea, Eastlands*

JIBU: Joto la mbwa huchukua kama wiki tatu. Miezi miwili si joto. Vaeni glavu, mfungueni uke taratibu: mkiona uvimbe mwekundu wenye sura ya koliflawa unaovuja damu, ni uvimbe wa zinaa, ambao ni wa kawaida sana kwa mbwa wa mitaani. Kinachohama ni seli zenyewe za saratani, kutoka mbwa hadi mbwa, kwa kupandana, kulambana na kunusana. Ndiyo maana mwingine huupata puani, akatokwa na damu ya pua.

Habari njema ni kwamba unatibika. Vinkristini, dawa ya saratani, huchomwa mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida mara 4 hadi 6, na damu hupimwa kabla ya kila sindano kwa sababu dawa hushusha chembe nyeupe. Ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, kwa hiyo si sindano ya kuchomwa na mtu yeyote kizimbani. Kwa siku mbili tatu baada ya kila dozi, kinyesi na mkojo vizolewe kwa glavu, na mjamzito asihusike kabisa. Msiache katikati eti uvimbe umepotea. Malizeni idadi aliyopanga daktari. Mpaka hapo asichanganyike na wengine.

SWALI: Mgeni wa siku tatu amemng'ata kijana wetu mkononi. Mbwa anakula vizuri. Tungoje tuone?
*Msomaji, Kasarani*

JIBU: Kijana asingoje. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Pilipili, mafuta ya taa na majani visiguse kidonda. Wa kufungwa na kungojwa ni mbwa: siku 10, mahali salama, akitazamwa kila siku. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, mate yake hayakuwa na kirusi siku ile aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha chanjo zilizobaki. Akifa au akibadilika tabia, toeni taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Asipigwe kichwani: ubongo ndio unaopimwa, na ukisagika hakuna jibu.

Kila anayeshika mbwa kituoni achanjwe kabla ya kung'atwa: dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa.

SWALI: Naweza kumpa mbwa Panadol au Brufen akiwa na maumivu?
*Msomaji, Githurai*

JIBU: Hapana. Brufen na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo kwa dozi ambayo kwako ni ndogo. Panadol huumiza ini. Kuna dawa za maumivu zilizotengenezewa mbwa; ombeni hizo.

SWALI: Mbwa wetu alikuwa na makamasi na macho yenye usaha, akapona. Wiki tatu baadaye ameanza kutafuna hewa, povu linatoka, na mguu mmoja unaruka hata akiwa usingizini. Tunampenda. Tutajuaje kama wakati wa kumwacha aende umefika?
*Wenye kituo kidogo, Kamulu*

JIBU: Hiyo ni distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, iliyofika kwenye ubongo. Hakuna dawa inayoua kirusi chenyewe. Kinachotibiwa ni degedege, kwa fenobabitali anayoipanga daktari. Mguu unaorukaruka huenda usipone kamwe, lakini peke yake si sababu ya kumaliza maisha: wako mbwa wanaokula, kutembea na kucheza wakiwa nao. Andikeni daftari kwa siku saba: mara ngapi degedege, imechukua dakika ngapi, amekula nini, amesimama mwenyewe au la, amelala kwa utulivu au la. Degedege ikizidi dakika tano, au zikifuatana bila yeye kuzinduka katikati, ni dharura ya saa hiyo. Degedege zikiongezeka licha ya dawa, akashindwa kusimama na kumeza, daftari litakuwa limewajibu, na hakuna atakayewalaumu.

Wakati huo huo atengwe, kwani anaweza kumwaga virusi kwa wiki nyingi. Tofauti na parvo, kirusi hiki sabuni na jua hukiua kwa urahisi. Waliobaki wachanjwe leo.

Ikibidi kumaliza maisha yake, kazi hiyo ifanywe na daktari aliyesajiliwa, kwa sindano ya usingizi, mbwa akiwa kwenye mikono anayoijua. Sumu na rungu ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inauadhibu. Ulizeni mapema kuhusu maziko, kwa sababu dawa inayotumika hubaki mwilini muda mrefu na huua mnyama anayekula mzoga: mbwa wengine, mwewe, na wale korongo wakubwa wanaokaa kwenye miti ya Barabara ya Mombasa. Msimtupe jalalani. Chimbeni shimo linalozidi mita moja, mbali na kisima, mfukieni siku hiyo hiyo na kuweka mawe mazito juu.